Usiachie Kamba

Mtu akikwambia hana habari na fulani, usimsikilize, mtazame mikono. Jumamosi ile Jovitha alikuwa ameshamwambia Shadya zaidi ya mara moja kwamba yule mkaka wa tiara aje asije kwake ni sawa. Lakini tangu asubuhi alikuwa ameshona pindo la turubai, akalifumua, akalishona, akalifumua tena, na sasa alikuwa analishona upya kama vile lilikuwa limemkosea adabu.

"Dada, hilo turubai ni la harusi au la adhabu?" Shadya aliuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza pale mbele, na muda huo alikuwa amekaa juu ya robota la kitambaa akila karanga.

"Fanya kazi yako, Shadya."

"Kazi yangu si kuangalia wateja? Basi kuna mmoja namwona anakata kona. Mrefu, mweusi wa kung'aa, na leo kavaa shati la kupigwa pasi. Mungu atusaidie."

Jovitha hakuinua kichwa. Ila sindano ya cherehani ilikatika.

Duka hilo la Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, lilikuwa la baba yake, mzee Rogath, Mchaga wa Rombo aliyeshuka mjini akiwa kijana na kuanza kwa kushona maturubai. Harusi, kipaimara, arobaini, msiba, watu wote wa Ilala walikuwa wamekaa chini ya kivuli chake kwa siku moja au nyingine. Jovitha alikulia chini ya meza ya cherehani, na baba yake alimfundisha mambo mawili. La kwanza, mshono usiovuja. La pili, kamba haiachiwi. Turubai likisimamishwa kila kona ina mtu wake, na anayeachia kamba anawaangushia wenzake nguzo vichwani. "Hata nyuki akikuuma," mzee alizoea kusema, "mwache akuume. Kamba usiachie."

Huyo mteja wa shati la pasi alikuwa Shomari. Alifika dukani mara ya kwanza mwezi wa kumi, amebeba mfuko mrefu mgongoni, amezunguka Kariakoo nzima na kila fundi kamtikisia kichwa. Alipoufungua, kitambaa kilijaa sakafu yote, cha bluu na rangi ya machungwa, chepesi mno, nacho kimechanika kutoka katikati mpaka ukingoni.

"Hii ni nini?" Jovitha alimuuliza siku hiyo.

"Tiara."

"Tiara ya watoto?"

"Ya watu wazima, fundi. Unajifunga mkanda kiunoni, unasimama juu ya ubao, tiara inashika upepo, inakuvuta juu ya maji. Sisi wa pwani tunaita kaiti. Mimi nafundisha wageni kule Paje, Unguja."

"Na wewe ni mtu wa Unguja?"

"Wa Lindi. Unguja nilipelekwa na njaa, nikabakishwa na upepo."

Jovitha aliicheka hiyo, na kucheka huko ndiko kulikomponza. Akaishona tiara kama anavyoshona turubai, uzi mnene, pindo la kukunja mara mbili. Shomari akaenda kuijaribu Kigamboni, akarudi: inakwenda upande. Jovitha akanuna, akasema mshono wake haujawahi kulalamikiwa hata na marehemu. Akafumua, akashona kwa uzi mwembamba. Shomari akarudi tena: hapa pembeni bado pamekaza kidogo. Akaja tena na tena, mara na hili, mara na lile. Tiara ilikuwa imeshapona siku nyingi. Waliobaki wagonjwa walikuwa wao wawili, na hakuna aliyethubutu kuutaja ugonjwa.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni.

"Mambo, Shadya."

"Poa, kaka. Karibu, fundi wako yupo, kavunja sindano sasa hivi."

Kabla Shomari hajajibu, pazia la nyuma lilifunguka, akatoka mama yake Jovitha, Mama Elisaria, ameshika chupa ya chai. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye macho ambayo wateja wa mkopo waliyaogopa kuliko ya mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini leo?"

"Tiara yangu, mama."

"Tena? Hiyo tiara ina maradhi gani yasiyosikia dawa?"

Shadya alijikohoza. Shomari akatazama chini, akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea.

"Leo ndiyo mwisho, mama. Kaskazi imeshaanza kupiga na wageni wameanza kuingia. Jumatatu asubuhi navuka."

Jovitha alisikia maneno hayo kifuani. Alijua yangekuja. Tangu upepo uanze kurusha mifuko ya plastiki pale barabarani alikuwa akiyasubiri. Lakini kusubiri pigo hakulipunguzii uzito, na alilazimika kuinama chini ya meza kana kwamba anatafuta kipande cha sindano.

"Vizuri," mama alisema, huku akimimina chai. "Mtu na kazi yake. Hata sisi wiki hii tunapanda nyumbani. Si unajua Wachaga na Desemba? Na mwaka huu tuna ugeni. Kuna watu wanaleta mbege."

"Mbege?"

"Pombe ya ndizi na ulezi. Upande wa kijana unaileta kwa wazazi wa binti. Kwetu haimiminwi hivi hivi. Binti anaitwa mbele ya wazee, anaulizwa: hii mbege tuinywe au irudi? Akisema inywewe, basi, amekwisha olewa, yanayobaki ni ya kanisani."

"Na binti mwenyewe ni..."

"Ni huyo anayetafuta sindano."

Jovitha aliinuka. Macho yake yakakutana na ya Shomari, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Jovitha ndiye aliyetangulia kuyaondoa ya kwake. Akaichukua tiara kwenye rafu, akaiweka mezani. Pembeni ya mshono ilikuwa na fundo dogo la uzi mwekundu. Ndiyo alama aliyoiweka kwenye kila kazi yake, ili turubai likirudi dukani ijulikane limeshonwa na nani.

Shomari akaligusa lile fundo kwa kidole. Akanong'ona, "Uliniahidi kitu, fundi."

"Nini?"

"Kwamba siku ukimaliza utaishika mwenyewe, uone tunachokisema. Ninayo ndogo ya kufundishia. Kesho, baada ya misa yenu. Mnazi Mmoja."

Alipaswa kukataa. Majibu ya kukataa yalikuwa tele: mizigo ya safari, turubai la watu wa Upanga, macho ya mama yake pale kwenye chai. Akasikia mdomo wake ukisema, "Nitakuja."

Shomari alipopotea kwenye umati, mama aliweka kikombe chini taratibu.

"Anaitwa Shomari."

"Ndiyo, mama."

"Baba yako ataniuliza anasali parokia gani. Nimwambie nini?"

"Mama, mimi mbona sijasema kitu?"

"Hujasema. Mimi nimekuzaa, Jovitha, sisubiri kuambiwa. Huyo Elimringi anayeleta mbege ana duka lake la vipuri pale Moshi, ana adabu, ni mtu wa kwetu. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama. Ni mtu mwema."

"Basi?"

Jovitha akaingiza sindano mpya. Ni kweli Elimringi alikuwa mtu mwema. Akikaa naye alikuwa anakumbuka kuangalia saa. Akikaa na Shomari alikuwa anasahau kwamba saa zipo. Lakini hayo mtu anamwambiaje mama yake?

"Huyu ni kijana wa upepo," mama alisema, sasa kwa upole, na upole huo uliuma kuliko ukali. "Upepo ukilala, mtakula nini?"

*

Jumapili Mnazi Mmoja palikuwa na watu wake wa kila siku: wacheza drafti chini ya ukuta, wauza kahawa, wapita njia wanaokata kutoka Kariakoo kwenda mjini. Jovitha alitoka misa akiwa na gauni lake la kanisani la maua ya njano, amevaa suruali nyepesi ndani, na viatu amevishika mkononi tangu alipofika kwenye vumbi.

Shomari alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama katikati kabisa ya uwanja, mbali na nguzo za umeme, akirusha vumbi kidogo hewani na kulitazama linakwenda wapi.

"Nilidhani hutakuja," alisema.

"Nilisema nitakuja."

"Watu husema."

Walitazamana. Kisha wakacheka bila sababu, kama wanavyocheka watu wenye jambo zito la kusema.

Tiara ya kufundishia ilikuwa ndogo, upana wa kitanda cha sita kwa sita, na kamba zake ziliishia kwenye fimbo fupi ya kushika kwa mikono miwili. Shomari aliilaza chini, akazinyoosha kamba, kisha akaja kusimama kando ya Jovitha, karibu kiasi cha kusikika harufu ya sabuni ya shati lake.

"Upepo uweke mgongoni," alisema. "Sasa fikiria mbele yako kuna saa kubwa ya ukutani. Juu kabisa ya kichwa ni saa sita, hapo tiara inapumzika. Kushoto chini ni saa tatu. Kulia chini ni saa tisa. Huko pembeni haina nguvu. Ila hapa mbele yako, katikati ya saa, ndiko kwenye nguvu zote. Ukiipitisha hapo, inakubeba."

"Basi tusipite hapo."

"Bila kupita hapo, fundi, huendi popote. Utasimama tu ufukweni na tiara yako nzuri."

Alisema hivyo akimtazama usoni, na wote wawili wakajikuta wanaangalia pengine.

"Jambo la kwanza kabisa," Shomari akaendelea haraka, "kabla hata ya kushika. Ikikuzidi nguvu, achia. Fungua mikono tu. Fimbo itaondoka, huu mkanda wa mkononi mwako utaizuia isipotee, na tiara itaishiwa nguvu, itaanguka. Kila mwanafunzi wangu naanza naye na kuachia. Asiyejua kuachia simpeleki majini."

"Niachie?"

"Uachie."

"Kwetu anayeachia kamba anatukanwa mpaka ukoo."

"Najua. Lakini hii si turubai."

Akampa fimbo, akaenda kuinyanyua tiara mwisho wa kamba, akaiachia, na ikapanda. Jovitha alipiga ukelele. Ile fimbo ilikuwa hai mikononi mwake. Alivuta kidogo kulia, tiara ikainama kulia. Akavuta kushoto, ikatii. Juu, saa sita, ikatulia ikitetemeka, na vitoto vilivyokuwa vinapita na mama yao vikasimama kushangaa.

"Shomari, inanisikia!"

"Inakusikia. Taratibu. Usishindane nayo. Izungumzishe."

Sasa alikuwa nyuma yake. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa pande zote mbili za mikono ya Jovitha, tayari kushika, lakini haikugusa. Siku zote alikuwa hivyo. Alipopokea kikombe cha maji alikishika chini kabisa ili vidole visikutane. Jovitha aliijua nafasi ile ndogo kati ya mikono yao kama anavyoijua nafasi kati ya sindano na kidole chake, na siku hiyo alitamani, Mungu amsamehe na misa ilikuwa haijapoa, aizibe. Angeegemea nyuma kidogo tu. Kidogo. Hakuegemea.

"Ukiwa majini," alisema, bila kugeuka, "unajisikiaje?"

"Mwanzo unaogopa. Halafu unanyanyuka juu ya ubao, makelele yote yanaisha. Unabaki wewe na kinachokuvuta." Akaitazama tiara juu. "Siku hizi kila nikiirusha ile kubwa, naliona lile fundo jekundu juu. Linanipotezea mawazo. Mara ya mwisho Kigamboni nilikunywa maji ya chumvi kama mgeni."

Jovitha alicheka, na akiwa anacheka akasahau fimbo. Tiara ilishuka kutoka saa sita, ikaelekea katikati, na wakati huohuo upepo uliokuwa umezuiliwa na majengo ya mjini ulichomoka kwa mpigo mmoja.

Ulimbeba. Miguu iliacha ardhi, akatua, akavutwa mbio, akaanguka kwa magoti, na bado anavutwa, gauni la maua ya njano linafagia vumbi la Mnazi Mmoja.

"Achia!" Shomari alipiga kelele akimkimbilia. "Achia, fundi! Fungua mikono!"

Alisikia. Alielewa. Mikono ikakataa. Mafunzo ya utoto mzima yalikuwa ndani ya vidole vile, na kadiri alivyovutwa ndivyo alivyokaza. Wacheza drafti walisimama. Mtu akasema, "Dada wa watu anapelekwa!" Kisha mkono ulimzunguka kiunoni, uzito wa Shomari ukamwangukia, wakaburuzwa wawili hatua kadhaa na kusimama.

Tiara ilikuwa bado inapigapiga mbele yao. Shomari alimfikia kwenye fimbo, akamfungua vidole, kimoja, kimoja, kama mtu anayefungua fundo asilotaka kulikata. Fimbo ikatoka. Tiara ikakunjamana, ikaanguka.

Na yeye hakuiachia mikono ile. Aliishika wazi, viganja juu, vimechubuka. Pumzi zao zilikuwa zinapishana. Ilikuwa mara ya kwanza kugusana.

"Kwa nini hukuachia?"

"Sijui kuachia." Machozi yalikuwa karibu, na si ya viganja. "Shomari, niambie kitu. Siku ya pili baada ya Krismasi wazee watakaa. Nitaulizwa ile mbege inywewe au irudi. Nijibu nini?"

Alimwona akiangalia viganja vyake, kisha mji, kisha vumbi.

"Hilo jibu ni lako, fundi."

"Najua ni langu. Nakuuliza wewe."

"Huyo kaka ana duka. Ana dini yenu, ana lugha yenu. Mimi nina upepo, tena si wa mwaka mzima. Nije kwa wazazi wako nisemeje? Mama yako amenimiminia maneno jana nimeyaelewa yote." Akaviachia viganja vyake taratibu, akaviweka juu ya magoti ya Jovitha mwenyewe, kama anarudisha kitu cha watu. "Mimi nakutakia heri."

Nakutakia heri! Neno la kadi za harusi! Jovitha alisimama. Goti lilikuwa linavuja damu na hakulijali.

"Umejifunza kuachia mpaka umepitiliza," alisema. "Kikikuvuta kitu kidogo, mikono imeshafunguka, halafu unaita ustaarabu. Sawa, mimi nilifundishwa vibaya. Mimi sijui kuachia na wewe hujui kushika. Tofauti yetu ni moja, Shomari. Mimi leo nilikuja kujifunza somo lako."

"Jovi..."

"Safari njema."

Akaokota viatu, akaondoka. Alitembea kwa makusudi polepole mpaka Mtaa wa Lumumba, masikio yote nyuma, akisikiliza nyayo za mtu anayekimbia. Zilikuwepo nyayo nyingi, Kariakoo haiishiwi nyayo. Za Shomari hazikuja.

*

Jumatatu asubuhi duka lilijaa mizigo ya safari: mchele wa bibi, vitenge vya shangazi, sukari, sabuni. Mzee Rogath alikuwa ametangulia kituo cha mabasi kukata tiketi. Jovitha alikuwa amekaa kwenye cherehani, gauni la maua ya njano mapajani, anaziba mahali lilipochanika. Honi ya boti ya Unguja haifiki Kariakoo, kila mtu anajua. Hata hivyo, ilipokaribia saa ya boti kung'oa nanga alisimamisha cherehani, akatega sikio. Akasikia mkokoteni, mwuza maji na redio ya jirani. Akaendelea kushona.

Mama alikuja kukaa mbele yake na kopo la mafuta ya mgando.

"Lete mikono."

"Haina kitu, mama."

"Lete."

Akampaka. Alipaka muda mrefu, kidole kwa kidole, bila kuuliza.

"Ulianguka wapi?"

"Mnazi Mmoja."

"Ulikuwa unakimbilia nini?"

"Sikuwa nakimbia. Nilikuwa nimeshikilia kitu, kikanizidi."

Mama akaviangalia vile viganja, akavigeuza kwenye mwanga.

"Baba yako alipokuja kujitambulisha kwetu alikuwa navyo hivi hivi," alisema. "Kamba za maturubai. Bibi yako aliviona, akaniita jikoni, akasema huyu ni mwizi wa ng'ombe, viganja gani vile? Hakumpa hata kiti." Akafunga kopo. "Baba yako akakaa chini."

"Hukunisimulia hiyo."

"Si ya kusimulia. Tungeonekana tuna historia ya kukosea."

Simu iliita juu ya meza. Jovitha aliona jina, mikono ikamganda, imejaa mafuta. Shadya hakusubiri kuombwa. Alibonyeza simu, akabonyeza na sauti ya nje, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyewasha fataki.

Kwanza zilikuja kelele: watu wengi, wauzaji wanaimba "Chagua, chagua!" Kisha yeye.

"Jovitha?"

Siku zote hizo alikuwa hajawahi kulitamka jina lake zima. Fundi, fundi, siku zote fundi.

"Hukuondoka?" Jovitha alisema.

"Boti imeondoka. Nitavuka na ya mchana. Kuna kitu Paje hakiuzwi, nimekuja kukitafuta. Niko hapa Mchikichini, kwenye mitumba." Alivuta pumzi, na zile kelele za soko zikajaa kwenye simu. "Sikulala. Jana ulipoondoka nilikaa pale chini mpaka wacheza drafti wakaniuliza kama nimeumia. Nikawaambia ndiyo. Sikiliza, sikuombi unijibu. Wala jibu lako la kule kwa wazee sitalilazimisha. Najua dini zetu ni mbili, na sijui tutalisemaje hilo. Ila sitaki lisemwe mimi nikiwa sipo. Wazee wakikaa, nataka niwe nimesimama pale, nionekane, nitukanwe nikiwepo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa." Sauti ilitoka ndogo.

"Sasa nina swali. Mimi ni mtu wa Lindi, maisha yangu yote nimevaa kaptula. Hapa nimeshika makoti mawili, moja jepesi, moja zito lina bitana. Huko Rombo kuna baridi kiasi gani?"

Machozi yalimtoka Jovitha, yakaanguka juu ya maua ya njano, na alipotaka kuyafuta akakumbuka mafuta mikononi. Shadya alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mama Elisaria hakucheka wala hakulia. Alikuwa anafuta kopo lililokuwa safi tayari.

"Baba yako atamfukuza," alisema taratibu.

"Najua, mama."

"Atamfukuza mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima na watu wa mbege wakitazama."

"Najua."

Mama akasimama, akakung'uta kanga yake, akachukua chupa ya chai. Pale kwenye pazia akageuka nusu.

"Mwambie achukue hilo zito," alisema. "Kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa amevaa."